Vijiti vya Lusiya

Daftari lilikuwa la madeni ya baba,
la duka la mafuta ya taa, kabla nguzo za umeme hazijamfilisi.
Nililigeuza nyuma, nikapiga mistari kwa rula ya Asumini,
nikaandika majina ya wanawake wa Kihispania
ambao hawatakaa waijue Ngamiani:
Lusiya. Noa. Inesi.
Wa nne jina lake lilinishinda,
nikaandika tu: Yule wa Gitaa.

Wimbo mmoja mia, kumi mia saba,
kadi yako ikikataa si kosa langu.
Kila aombaye, kijiti.
Vijiti vitano fungu, kama nyanya za Mgandini.

Lusiya alianza Januari na vijiti sita.
Machi alikuwa amemaliza ukurasa
na ananyemelea deni la marehemu Mngazija, lita mbili, halijalipwa.
Walimtaka wasusi wa Makorora.
Alimtaka bibi harusi wa Chumbageni, aingie naye ukumbini.
Mzee Semkiwa wa bucha aliapa ni wa mjukuu,
akasimama kusikiliza mpaka tamati,
kisu mkononi, wateja wake wakimwita ng'ambo ya barabara.
Neno hatukujua hata moja.
Aliposema *korasoni* tuliitikia *korosho*,
tukaridhika kwamba anauza.

Noa fungu nne. Inesi fungu mbili na nusu.
Kibwana fundi viatu akapiga nyundo chini:
Noa ndiye mwenye sauti! Huyo wenu ana kiuno!
Na wewe umekionaje kiuno ndani ya redio?
wakamuuliza, na soli ya mtu ikachelewa siku mbili.
Mama alicheka, akasema haya si mageni,
wakati wake vikundi viwili vya taarabu viliugawa mtaa
hata ukawa na mabomba mawili ya maji,
na yeye aliteka mbali
kwa sababu ya mwimbaji mmoja mwenye mwanya.
Baba, bila kuinua kichwa: Chema chajiuza.
Mafuta yake yalikuwa mema. Sikumjibu.

Yule wa Gitaa, kijiti kimoja kwa wiki.
Mkono ule ule, kidole chenye subana:
Kidawa, mshona sare za shule.
Kila Ijumaa wimbo ule ule,
maana kadi yake ilikuwa mbovu, inasahau.
Nikamwambia, dada, kwa mia hiyo hiyo nakupa Lusiya,
mji mzima unaye.
Akasema: Lusiya hapumui.
Nisikilize vizuri, akasema. Wamemfuta pumzi.
Huyu wangu, kabla ya kila mstari, anavuta,
unaisikia inaingia, inafika chini.
Mwanangu ana pumu. Usiku nikimwekea
anamfuatisha.

Nilifunga kibanda mapema siku ile.
Nikavaa spika za masikioni, nikamrudia Lusiya
wimbo kwa wimbo, nikitafuta mahali alipopumua.
Mtamu, Wallahi, mtamu. Hakuna.

Tangu hapo hesabu yangu si ya kuaminiwa.
Nilimtilia Yule wa Gitaa vijiti vya wizi,
viwili leo, kimoja kesho,
na Kibwana alipokagua alisema umeanza kula rushwa.

Juni Kidawa hakuja. Julai hakuja.
Nilipita karibu na cherehani yake mara mbili,
imefunikwa kanga,
nikaona haya kuuliza.

Agosti, katikati ya fujo la Nanenane,
akasimama dirishani anataka waya wa chaji.
Nyuma yake mtoto amevaa shati lililomzidi,
anamfukuza kuku wa Mzee Semkiwa,
anamkosa, anamfukuza tena.
Nikauliza, na yule dada wa gitaa, nikuwekee?
Akahesabu chenji.
Siku hizi analala bila, akasema.

Lusiya mwezi ule, fungu thelathini na moja.
Yule wa Gitaa, sikuandika kitu.
Nilipiga rula pale palipokuwa patupu
nikapaacha peupe.